Migongo ya Gisaka: siku saba kutoka Rusumo hadi Gisozi na kurudi

Siku ya 1: Rusumo na Nyakarambi

Safari hii ni ya kujifunza imigongo, sanaa ya Rwanda ya matuta ya mavi ya ndama, na ya kutembelea maeneo ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994. Daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, huvukwa kwa dakika chache. Ukitokea Ngara, saa inarudi nyuma kwa saa moja na gari linahamia upande wa kulia wa barabara. Jambo jingine wengi hulijua wakiwa tayari mbele ya meza ya forodha: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na ukikutwa nayo unaiacha hapo hapo. Kwa anayekwenda kuchukua kazi za sanaa jambo hili ni zito, kwa sababu wengi hutegemea plastiki kufungia mizigo. Beba mashuka mawili makuukuu, maboksi yaliyokunjuliwa na kamba ya katani.

Chini ya daraja Mto Kagera unaporomoka kwa kishindo, maji yake yana rangi ya udongo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto huu ulibeba miili hadi Ziwa Victoria. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliiopoa na kuizika, na leo makaburi matatu ya pamoja, Kasensero, Lambu na Ggolo, yana miili 10,983. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huo huo, watu wapatao 250,000 walivuka hapa kuingia Tanzania kwa muda wa kama saa 24, wakiwemo waliokuwa wameshiriki kuua. Anayeanza safari ya namna hii asimame kidogo darajani kabla ya kwenda kutazama rangi na maua ya ukutani.

Nyakarambi iko kwenye barabara kuu iendayo Kibungo na Kigali, chini ya saa moja kutoka mpakani. Kiswahili kinasikika sana hapa kwa sababu ya malori na biashara, na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, ila anza na *Muraho*, kisha mwite mwenyeji wako mama au mzee kama ungefanya nyumbani. Kandokando ya barabara utaona mbao zenye pembe kali, mistari ya zigizaga na miduara inayojirudia, nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijivu. Hizo ndizo imigongo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi: umugongo ni mgongo, na kazi yote ni matuta yaliyoinuka juu ya ubao kama migongo iliyopangwa safu.

Mapokeo ya Gisaka, ufalme wa zamani wa upande huu wa mashariki, yanasema sanaa hii ilianzishwa na Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi, aliyepamba kuta za ndani za nyumba yake. Kutoka kwake ikawa kazi ya wanawake, mama akimfundisha binti. Mwaka 1994 mafundi wengi waliuawa au walikimbia, na nyumba zenye kuta hizo zilibomolewa au zilibaki mahame. Wanawake waliobaki ndio waliojikusanya hapa Nyakarambi, wakaihamishia sanaa kutoka ukutani kwenda kwenye mbao zinazobebeka, na ushirika wao ukabeba jina la Kakira.

Ubao wa kujifunzia tuliupanga mapema, kwa sababu unahitaji siku kadhaa kukauka: plaiwudi ya milimita 9, sentimita 40 kwa 60. Plaiwudi nyembamba kuliko hiyo hupinda, maana upande mmoja unanyonya maji huku mwingine ukibaki mkavu. Mgongoni tulipigilia vipande viwili vya mbao, kimoja juu na kimoja chini. Upande wa mbele tuliukwaruza kwa ncha ya kisu, mistari ya kukatana, ili tope lipate pa kushika.

Mavi yanayotakiwa ni ya ndama, tena ya asubuhi hiyo hiyo. Ya ng'ombe mkubwa yana nyuzi nyingi za majani, na kila uzi unaochomoza juu ya tuta utakusumbua wakati wa kupiga msasa. Tulitumia lita 2 za mavi na nusu lita ya jivu la kuni lililochekechwa. Jivu linakata harufu, linafukuza wadudu na kulipa tope uzito. Kipimo cha mwisho hata hivyo kiko vidoleni: ukilifinyanga liwe kama unga wa chapati ulioanza kulegea. Likining'inia kwenye kidole limezidi maji. Likikatika lina jivu kupita kiasi.

Mchoro hupigwa kwanza kwa penseli na rula. Hapa wanafunzi wengi hukosea, kwa kuanzia pembeni. Anza katikati, gawa ubao kwa nne, ndipo usogee nje. Vinginevyo pembe ya mwisho haikutani na ya kwanza. Kisha lowanisha ubao kwa kitambaa kibichi, paka tabaka jembamba lisilozidi milimita 2, na juu yake jenga matuta ya kimo cha kama sentimita 1. Kidole gumba na cha shahada hubana tope kutoka pande mbili huku mkono ukirudi nyuma. Fundi aliyekuwa akituelekeza alifanya tuta lenye urefu wa ubao mzima kwa mvuto mmoja, bila kuinua mkono, na kingo zake zilikuwa sawa kama zimekatwa kwa wembe. Mwanafunzi hulijenga kwa vipande sita, na kila kiungo ni ufa unaosubiri siku yake.

Ubao ulilazwa kivulini, juu ya matofali mawili, hewa ipite chini.

Siku ya 2: Nyarubuye

Barabara ya Nyarubuye ni ya udongo. Kiangazi ni vumbi tupu, masika ni utelezi, na pikipiki isiyo na matairi mazuri haifai. Njia nzima ni migomba, mtama, na nyumba zilizotulia juu ya vilima.

Mapokeo yale yale yanayomtaja Kakira yanaitaja Nyarubuye kuwa chimbuko la imigongo. Na ni Nyarubuye hii hii, katikati ya Aprili 1994, ambako maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani na kwenye nyumba ya watawa waliuawa kwa siku kadhaa. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo ya wakati huo, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha: miaka 30 mwaka 2004, kisha kifungo cha maisha baada ya rufaa mwaka 2006. Anayeandika maelezo ya maonyesho kuhusu mahali hapa asiishie kwenye huzuni. Aitaje hukumu, kwa sababu mahakama ilikwisha kusema nani alifanya nini.

Juu ya mlango wa kanisa Yesu wa mawe meupe amenyoosha mikono. Kanisa linatumika kwa misa; pembeni yake ni eneo la kumbukumbu.

Kanuni moja inaongoza kazi yote ya msanii mahali kama hapa: ushahidi haupambwi. Nguo, mifupa, silaha, ukuta wenye tundu, hivi ni vielelezo. Anayeongeza rangi, ua au mshumaa wa kuvutia karibu navyo ili picha ipendeze anampa mkanushaji mlango wa kusema kwamba vilitengenezwa. Mkono wa msanii una nafasi yake nje ya chumba cha vielelezo: bustani, ukuta wa majina, maonyesho ya mjini, darasani.

Kwa hiyo ndani ya vyumba hapapigwi picha bila ruhusa ya maandishi. Nje unaweza kuchora kama mlinzi wa eneo ameridhia. Penseli ya 2B na daftari lisilo na mistari vinatosha. Chora jengo, mlango, mti, njia waliyoipita watu. Usichore mabaki ya binadamu. Ndugu zao wako hai na huja hapa. Andika pembeni ya kila mchoro tarehe, saa na upande uliokaa, kusini au mashariki, ili mchoro ukitumika miaka ishirini baadaye ujulikane ulionyesha nini.

Anayekuongoza huenda ni manusura. Usimwombe akusimulie siku yake. Akitaka atasema, na akisema funga daftari.

Siku ya 3: Nyakarambi, kisha Kigali

Ubao ulikuwa umeanza kukauka kwa juu, na nyufa mbili zilionekana, zote kwenye viungo vya mwanafunzi. Sababu za ufa ni tatu: jua, tope lililozidi maji, na tuta lililojengwa juu ya tabaka ambalo tayari limeshika ukavu. Dawa yake ni kulowanisha ufa kwa brashi, kuusubiri unywe maji, kisha kuuziba kwa tope jepesi la mchanganyiko ule ule. Ukiuziba mkavu, kiraka kitabanduka msasa ukipita tu.

Asubuhi ilienda kwenye rangi, ambazo nazo zinataka muda. Nyeupe ni udongo wa kaolini, *ingwa*, unaolowekwa na kuchujwa kwa kitambaa. Nyekundu hutoka kwenye udongo mwekundu uliosagwa. Nyeusi ndiyo yenye siri: maganda ya ndizi huchomwa hadi yawe majivu meusi, yanachanganywa na utomvu wa mshubiri na maji ya *umutobotobo*, tunda chungu la jamii ya ndulele. Utomvu ndio gundi. Nyeusi isiyo na utomvu wa kutosha hubaki kwenye mkono wa kila anayegusa ubao. Siku hizi mafundi wengi hutumia rangi za dukani kwa kazi za kuuza kwa wingi, na hapana ubaya, ilimradi mnunuzi aambiwe. Kwa ubao wa kuhifadhi urithi tunashikilia rangi za asili, maana maarifa ya maganda na mshubiri hayamo kwenye kopo la dukani, na yakipotea mara ya pili hayatarudi.

Basi la kwenda Kigali, kama saa tatu njiani. Usipange mwendo huu Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi: ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, na barabara hutulia.

Siku ya 4: Gisozi

Jumba la Kumbukumbu la Kigali lilifunguliwa mwaka 2004 juu ya kilima cha Gisozi, na ndani ya makaburi yake wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Mpangilio wa ziara uwe huu: makaburi kwanza, maonyesho baadaye. Anayeanza na maonyesho hufika makaburini amechoka na hupita haraka.

Katikati ya maonyesho kuna sanamu za Laurent Hategekimana, Mnyarwanda, na madirisha mawili ya vioo vya rangi ya Ardyn Halter, msanii ambaye baba yake alinusurika mauaji ya kimbari ya Wayahudi. Madirisha yanafanya kazi ambayo maandishi hayawezi: mwanga wa nje huingia ukiwa na rangi, na mgeni aliyetoka kusoma ukuta mzima wa tarehe anapata pa kupumzisha macho bila kutoka kwenye habari yenyewe. Yeyote anayepanga maonyesho ya namna hii aweke mahali kama hapo baada ya kila vyumba viwili au vitatu. Wageni wakikosa pa kupumua, huacha kusoma.

Kuna chumba cha picha za familia zilizotolewa na ndugu, za harusi, za ubatizo, za studio, zimening'inizwa safu kwa safu. Halafu juu kuna chumba cha watoto. Picha ya mtoto imekuzwa, na chini yake kibao chenye mistari michache: jina, umri, chakula alichopenda, rafiki yake, alivyouawa. Mmoja alikuwa na miaka 10. Alipenda mpira, alipenda kuwachekesha watu, alitaka kuwa daktari. Mstari wa mwisho unasema maneno yake ya mwisho: kwamba UNAMIR, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, watakuja.

Hakuna mchoro hapo, wala muziki. Aliyebuni chumba hicho alijua kwamba kibao kikijaa sifa, mtoto anakuwa mfano wa jambo fulani. Kikiwa na chakula na mpira, anabaki mtoto. Ukifanya kazi hii kwenu na familia za waliouawa, uliza maswali yale yale matano kwa kila familia, andika majibu kwa lugha yao kabla ya kutafsiri, na uisome tafsiri mbele yao. Picha ya asili irudi nyumbani siku ile ile. Iskani pande zote mbili, kwa nukta 600 kwa inchi, maana mara nyingi mgongoni mwa picha kuna tarehe au jina la studio, na hiyo huwa ndiyo habari pekee iliyobaki.

Jina la tukio nalo liandikwe sawasawa. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa uliitaja rasmi tarehe 7 Aprili kuwa siku ya kutafakari mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Vibao vinavyosema "vita vya Rwanda" au "machafuko ya 1994" vibadilishwe.

Siku ya 5: Nyamata na Nyanza ya Kicukiro

Nyamata ni kusini mwa Kigali, lami tupu. Kanisa lake ni kati ya maeneo manne ya kumbukumbu yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Septemba 2023, pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Ndani, nguo za waliouawa ziliwekwa marundo juu ya benchi. Bati la paa lina matundu, na jua likiwa juu mwanga hushuka kama nyota za mchana.

Nguo ndizo ushahidi mgumu kuliko wote kuhifadhi. Vumbi lina mchanga mkali unaokata nyuzi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huanza. Panya, nondo na popo wanafanya mengine. Kufua hakuwezekani: damu na udongo ni sehemu ya kielelezo. Njia inayokubalika kwa vitambaa vya namna hii ni kunyonya vumbi kwa mashine yenye nguvu ndogo, ukipitisha juu ya wavu laini ili nguo isivutwe. Kugandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili pale penye wadudu. Na mwanga usiozidi luksi 50. Kila kipande kipigwe picha kikiwa na rula na namba kabla hakijaguswa. Anayetaka kuchora nguo hizo achore kutoka kwenye picha hizo zenye namba, asishike.

Jioni tulipita Nyanza ya Kicukiro. Tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa UNAMIR waliondoka kwenye shule ya ETO, na watu zaidi ya 2,000 waliokuwa wamejihifadhi hapo wakaswagwa hadi kilima hiki na kuuawa. Bruce Clarke, mchoraji mwenye asili ya Afrika Kusini, alibuni hapa Bustani ya Kumbukumbu kwa wazo moja: jiwe kwa kila aliyeuawa. Mawe hayana sura. Wazo linashika kwa sababu kila jiwe lina uzito na mtu aliyelibeba. Clarke ndiye pia aliyefanya mradi wa Watu Waliosimama kwa maadhimisho ya miaka 20, mwaka 2014: sura za watu wima, kubwa kuliko binadamu, kwenye kuta za maeneo ya mauaji. Aliwachora wakiwa hai, wamesimama, na hapo ndipo tunapokubaliana naye kabisa. Maiti zimeonyeshwa vya kutosha.

Siku ya 6: Nyakarambi

Ubao ulikuwa mkavu. Jaribio ni la kucha: gonga tuta, lisikike kama ukigonga kibuyu. Sauti ikiwa butu, rudisha kivulini siku nyingine.

Msasa namba 80 kwanza, kwa mwendo wa kufuata tuta, kamwe si kukatiza, kisha namba 150. Vaa barakoa, vumbi lake ni jepesi na linaingia kifuani. Futa kwa brashi kavu. Nyeusi ilipakwa kwenye mabonde tabaka mbili, nyeupe migongoni tabaka tatu kwa sababu kaolini ikikauka hupauka, nyekundu kwenye pembe za katikati. Brashi ya nyeupe isiazimwe kwa rangi nyingine hata ukiiosha.

Kijana mmoja wa kundi alipendekeza panga lichorwe katikati, ili mtazamaji aelewe. Fundi alikataa, akasema: "Hii ilikuwa ukutani mwa mama yangu." Ukapakwa kijivu hapo katikati, jivu la kawaida lililochanganywa na kaolini. Kijivu ndiyo rangi ya Kwibuka, maadhimisho ya kila mwaka ya kuwakumbuka waliouawa, siku hizi; zamani ilikuwa zambarau.

Siku ya 7: kufunga na kuvuka

Ubao hausimamishwi safarini. Hulazwa, uso juu, ndani ya fremu ya boksi iliyozidi kimo cha matuta kwa sentimita 2, shuka likiwa chini na si juu, kwa kuwa shuka linalosugua migongo huondoa nyeupe. Ukituma nje ya Afrika Mashariki, tamka forodhani kwamba una kazi yenye kinyesi cha mnyama kilichokaushwa. Nchi nyingine hudai ukaguzi, na kuficha ndiko kunakofanya kazi ziteketezwe.

Mgongoni mwa ubao paliandikwa kwa penseli, maana wino hupenya plaiwudi: imigongo, Nyakarambi, wilaya ya Kirehe; mavi ya ndama, jivu, kaolini, udongo mwekundu, maganda ya ndizi, mshubiri, umutobotobo; jina la fundi kama alivyotaka liandikwe, na chini yake jina la mama yake aliyemfundisha, na mwaka 1994.

Rusumo tulifika saa nane mchana. Upande wa pili ilikuwa saa tisa.